Saa saba na nusu Xiamen: jibu kwa mkunga mstaafu wa Tanga

SWALI: Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Tanga. Mwanangu anafanya kazi Singapore, na ametulipia mimi na dada yangu safari ya meli ya kitalii mwezi wa 11, kutoka Singapore hadi Shanghai. Njiani tutasimama siku moja Xiamen: meli inafika saa 2 asubuhi, inaondoka saa 12 jioni. Wajukuu wananiambia Xiamen ni magorofa matupu, bora twende Quanzhou kwenye msikiti wa kale. Meli nayo inauza safari ya basi kwenda kuona nyumba za udongo za mviringo. Dada yangu anasumbuliwa na magoti, na sisi ni Waislamu. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo mama, na shikamoo nyingine mfikishie mama mkubwa.

Bakini Xiamen. Msiende Quanzhou, wala msipande basi la nyumba za udongo. Asubuhi vukeni kwenda kisiwa cha Gulangyu, mchana mkale kwenye hekalu la Nanputuo, alasiri mpite mjini taratibu, na ikifika saa 10 na nusu muwe mmeshaliona gati. Nilisoma Xiamen, kisha nikakaa miaka kadhaa nikiwapokea wageni wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wafanyabiashara wa viatu na mawe ya sakafu, wachache watu wa matembezi kama nyinyi. Wengi walioondoka na masikitiko ni wale waliokuwa na siku moja wakataka kuifanya tatu.

Tuanze na hesabu ya saa. Meli kufika saa 2 hakuna maana kwamba mtashuka saa 2. Abiria ni maelfu, na kila mmoja anapita mbele ya afisa wa uhamiaji, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole. Wekeni saa 3 na nusu kuwa ndiyo saa ya kukanyaga nje ya jengo. Jioni, meli ikiondoka saa 12, mwisho wa kupanda kwa kawaida ni saa 11. Hapo mmebaki na saa saba na nusu, si kumi.

Sasa nyumba za udongo. Wachina wanaziita tulou, ziko milimani katika wilaya za Nanjing na Yongding, na UNESCO iliziingiza 46 kati yake kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ni kitu cha kuonwa kweli: ukuta mnene wa udongo ulioshindiliwa, duara moja linalokaa ukoo mzima, ghorofa tatu au nne, lango moja. Ila kutoka gatini ni mwendo wa karibu saa tatu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mama mkubwa atakaa kwenye kiti cha basi kutwa, kisha akifika akutane na ngazi za mbao. Niliwahi kuongozana na kundi la wazee huko kwa gari la kukodi. Wakati wa kurudi barabara ilifungwa kwa ajali, tukafika gatini zikiwa zimebaki dakika chache ngazi ya meli iondolewe. Mzee mmoja alikuwa analia waziwazi. Lawama ile ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia muda unatosha. Kumbukeni pia kwamba mkinunua safari kwa meli yenyewe, meli huwangoja mkichelewa. Mkienda kwa gari lenu, haingoji.

Quanzhou ni suala jingine, na wajukuu hawakukosea kuutamani. Huo ndio mji ambao Waarabu waliuita Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, anasimulia kwamba baadaye alifika China na kushukia Zaitun. Msikiti wenyewe, Qingjing, ulijengwa mwaka 1009 kwa mawe ya matale. Lango lake refu lenye matao bado limesimama, lakini ukumbi wa kuswalia hauna paa tangu tetemeko la mwaka 1607, kwa hiyo mtu anasimama kati ya kuta na mbingu iko juu yake. Kwenye makumbusho ya mji ipo merikebu ya zama za ufalme wa Song iliyofukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya ghuba. Ndani yake vilikutwa uvumba na ambari, bidhaa za bahari yetu hii ya Hindi. Kwa mtu wa pwani, kusimama mbele ya mbavu za merikebu ile ni jambo zito.

Ndiyo maana nasema msiende siku hiyo. Ni karibu kilomita 100 kwa barabara, saa moja na nusu kama hakuna foleni. Treni ya kasi ni fupi, lakini kuna kwenda stesheni, kukaguliwa mizigo, kungoja, kushuka, kutafuta gari la kuingia mji wa kale, kisha yote hayo kurudi. Mtapata saa mbili Quanzhou, na katika hizo mbili mtakuwa mnatazama saa. Mwambieni kijana wenu safari nyingine awapeleke huko kwa ndege, mlale siku tatu.

Kabla sijaingia mjini, jambo la karatasi, kwa sababu hili ndilo linaloweza kuwazuia msishuke kabisa. Pasi ya Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kukaa China saa 240 bila viza. Upo pia utaratibu wa makundi ya meli za kitalii, ulioanza mwezi wa 5 mwaka 2024, wa kuingia bila viza mpaka siku 15 katika bandari kadhaa, Xiamen ikiwemo. Lakini lazima muwe kwenye kundi lililoandaliwa na wakala wa China, na muendelee na meli hiyohiyo. Nyinyi mnashukia Shanghai na kurudi nyumbani kwa ndege, kwa hiyo kateni viza Dar es Salaam mapema. Na itazameni ratiba vizuri: kama baada ya Xiamen meli inagusa Japani, Korea au Taiwan kabla ya kufika Shanghai, mtakuwa mmeingia China mara mbili, na viza ya kuingia mara moja haitawafaa. Ombeni ya mara mbili. Hili limewaponza watu wengi.

Haya, magorofa matupu. Magorofa yapo, tena mengi, na kuna jambo la kuyahusu ambalo wajukuu wanapaswa kulijua. Mkikaa ufukwe wa mashariki wa Xiamen siku ya hewa safi, mnaviona kwa macho visiwa vya Kinmen, vilivyo chini ya serikali ya Taiwan. Tangu mwaka 1958 mizinga ilikuwa ikipigwa kuvuka maji hayo, na ilinyamaza rasmi tarehe 1 Januari 1979. Nani angejenga ghorofa kwenye mstari wa vita? Mwaka 1980 serikali ikautangaza Xiamen kuwa mmoja wa miji minne ya mwanzo ya ukanda maalumu wa uchumi, ikaanza na kipande cha kilomita za mraba 2.5 tu, sehemu inayoitwa Huli. Karibu yote mtakayoyaona yamejengwa tangu hapo. Leo bandari ya Xiamen inahudumia makontena zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, na Mombasa mwaka 2023 ilikuwa na kama milioni 1.6. Mtu wa Tanga, aliyekulia karibu na gati, anajua idadi hizo zina maana gani.

Kwa hiyo amkeni mapema, mpande sitaha ya juu meli ikiwa inaingia. Upande wa kulia Gulangyu itapita karibu, na paa zake nyekundu na miti yake, na kwenye mwamba sanamu kubwa ya mawe ya Zheng Chenggong, jemadari aliyewatoa Waholanzi Taiwan mwaka 1662, akitazama baharini. Upande wa kushoto ni winchi za makontena za Songyu na Haicang, safu kwa safu. Kisiwa kisichokuwa na gari hata moja na bandari isiyolala vimetenganishwa na mkondo wa maji mnaopita nyinyi. Mandhari hii hakuna basi litakalowapeleka kuiona, na haina malipo.

Meli hufunga gati Dongdu, kwenye kituo cha kimataifa cha meli za kitalii. Hapa ndipo bahati yenu ilipo, na ndiyo sababu kubwa ya ushauri wangu wote. Zamani kila mtu alivukia Gulangyu kutoka mjini, mahali ambapo maji ni kama mita 600 tu. Wenyeji bado wanavukia hapo. Lakini wageni, mchana, wanatakiwa kupandia kwenye kituo cha feri kilichopo hukohuko kwenye kituo cha meli za kitalii. Mtalii aliyelala hoteli katikati ya mji anahangaika na teksi kufika hapo, nanyi mnashuka melini na kutembea. Tiketi ya kawaida kwenda na kurudi ni yuani 35, na inakatwa kwa pasi, kila mtu na yake. Bebeni pasi zenyewe. Kama meli imezishika, ombeni nakala mapokezi usiku wa kuamkia. Ulizeni feri ya kwenda gati la Sanqiutian. Safari ni kama dakika 20. Idadi ya wageni wa kisiwani kwa siku ina kikomo, kwa hiyo msianze na maduka ya gatini.

Gulangyu ni kisiwa kidogo, hakifiki kilomita za mraba 2. Mkikaa mjini mnakiona mbele yenu kama mtu wa Tanga anavyoiona Toten, ila hiki kimejaa majumba. Baada ya mkataba wa mwaka 1842 kuilazimisha China kufungua bandari tano, wageni walikuja wakajenga balozi, makanisa na shule. Kisha wakarudi Wachina waliotajirikia Manila, Java na Singapore, nao wakajenga zaidi. Matokeo yake ni nyumba za matofali mekundu zenye baraza pana za matao, vibaraza vya juu, bustani ndani ya ukuta. UNESCO ilikitia kwenye orodha yake mwezi wa 7 mwaka 2017. Mtu aliyewahi kutembea Mji Mkongwe Unguja atahisi anakifahamu: mji uliojengwa na watu waliokwenda mbali kwa bahari wakarudi na fedha na mawazo. Magari hayaruhusiwi, hata baiskeli, isipokuwa vigari vya umeme vinavyozunguka barabara ya pembezoni. Hivyo ndivyo usafiri wa mama mkubwa. Mteremkie upande wa kusini, kwenye bustani ya Shuzhuang, iliyojengwa mwaka 1913, ambapo daraja la mawe linakwenda zigizaga juu ya maji. Mwamba wa Riguangyan, ule mrefu wenye mita 92 na ushee ambao kila mtu anapiga picha juu yake, uacheni. Ni ngazi tupu, na foleni.

Mama, wewe nina mahali pako maalumu, na ungeniambia unaweza kwenda sehemu moja tu kisiwani, ningekupeleka hapo. Si mbali na Shuzhuang kuna bustani ndogo inaitwa Yuyuan. Watalii wengi wanapita bila kuingia. Ndani kuna sanamu ya mwanamke ya marmar nyeupe, na nyuma yake miti. Mwanamke huyo ni Lin Qiaozhi, aliyezaliwa Gulangyu mwaka 1901. Mama yake alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1921 alikwenda Shanghai kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha udaktari cha Beijing. Inasimuliwa kwamba katikati ya karatasi ya Kiingereza msichana mwenzake alizimia kwa joto. Lin akaiacha karatasi yake, akamtoa nje, akamhudumia. Aliporudi muda ulikuwa umekwisha. Wasimamizi wakaandika kuhusu alichokifanya, na chuo kikamchukua.

Akawa bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mwanamke wa kwanza Mchina kuongoza idara hiyo katika hospitali ya chuo hicho. Hakuolewa, hakuzaa. Mpaka anafariki mwaka 1983 alikuwa amewapokea watoto zaidi ya 50,000, na China nzima inamjua kama mama wa watoto elfu kumi, kwao ikiwa na maana ya watoto wasiohesabika. Inasemekana kwenye cheti cha mtoto aliyempokea alikuwa akiandika kwa mkono wake: mtoto wa Lin Qiaozhi. Alitaka majivu yake yarudishwe kwenye bahari ya Gulangyu, na ndivyo ilivyofanyika. Miti miwili mirefu bustanini ilipandwa na Deng Yingchao, mjane wa waziri mkuu Zhou Enlai.

Niliwahi kumpeleka pale muuguzi mmoja wa Bagamoyo. Tulikuta bibi wa Kichina ameketi kwenye benchi na mjukuu. Nikamweleza kwamba mgeni wangu naye amezalisha maisha yake yote. Yule bibi hakusema neno, aliinuka tu, akaushika mkono wa mgeni wangu kwa mikono yake miwili, akaugeuza kiganja juu, akautazama. Kaeni pale nusu saa. Kuna mabenchi, kuna kivuli, na magoti yatapumzika.

Na kwa kuwa uko kwenye fani hiyo, ujue pia kwamba kisiwani humo daktari mmisionari John Otte alifungua hospitali mwaka 1898, ikafundisha madaktari wenyeji. Otte mwenyewe alikufa kwa tauni mwaka 1910. Ndiye pia aliyechora ramani ya lile jumba lenye kuba jekundu mtakaloliona kutoka kwenye feri, ambalo sasa ni makumbusho ya vinanda vya kanisani.

Chakula. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu waongozaji wengi wanawaambia Waislamu kwamba “hiki ni samaki tu”. Fujian inapika kwa nguruwe hata pale usipomwona. Zile tambi maarufu za shacha zina mchuzi mzuri wa karanga, kamba wakavu na vitunguu saumu, ladha inayokaribia mishikaki ya karanga ya Kimalay, na jina lenyewe limetoka kwenye neno sate. Lakini maduka mengi huchemsha mchuzi huo kwa mifupa ya nguruwe. Chapati ya mayai na chaza hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Vidonge vya samaki navyo mara nyingi vina nyama katikati. Viacheni vyote hivyo.

Mnachoweza kula kwa raha ni supu ya karanga: karanga zilizomenywa, zikachemshwa na sukari mpaka zinayeyuka mdomoni, huliwa moto, bakuli dogo. Wengine huvunjia yai. Kisha mchana mkirudi kutoka kisiwani chukueni teksi mwende Nanputuo, hekalu kubwa la Kibudha chini ya vilima, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Xiamen. Lina mgahawa wake unaojulikana mji mzima, hauingizi nyama ya aina yoyote. Ni uyoga, tofu, mboga, mizizi ya yungiyungi, wali. Kama moyo hautaki kula kwenye uwanja wa hekalu, naelewa, na njia ipo: tafuteni mgahawa wenye maandishi 清真, yaani halali. Kwa kawaida ni wa tambi za kuvuta kwa mkono, na wenyewe ni Waislamu wa Kihui, wengi wao wametoka Qinghai. Semeni “Assalamu alaykum” muone nyuso zitakavyobadilika. Mama mkubwa atapenda kumtazama kijana akiuvuta unga hewani, mmoja ukiwa mbili, mbili nne, mpaka unakuwa nyuzi. Kwa swala, kibla ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo, na mwezi wa 11 jua linazama kabla ya saa 11 na nusu. Kwetu halifanyi hivyo, kwa hiyo msije mkaikosa alasiri mkidhani kuna muda.

Chuo kikuu chenyewe kuingia ni kwa kujiandikisha mapema, kwa hiyo kitazameni kwa nje tu. Lakini mjue kimeanzishwa na nani, maana anawahusu kupitia kijana wenu. Mwaka 1921 kilianzishwa na Tan Kah Kee, mzaliwa wa kijiji cha Jimei upande wa pili wa maji, aliyetajirikia Singapore kwa mpira na mananasi. Alimimina mali yake kwenye shule mpaka biashara ilipoyumba, na bado akaendelea kukilipia chuo. Singapore kuna kituo cha treni kinachoitwa kwa jina lake. Mwambieni kijana awapitishe hapo kabla hamjapanda meli. Kisha mkiwa Nanputuo mtaiona minara miwili pacha ya karibu mita 300, iliyojengwa kwa umbo la matanga yaliyojaa upepo. Piga picha ya matanga hayo uwatumie wajukuu.

Alasiri iwe ya mjini, saa moja na nusu tu. Zhongshan Road ni mtaa wa miaka ya 1920, nyumba zake zimejengwa zikitoka juu ya njia ya miguu, kwa hiyo mnatembea kivulini hata mvua ikinyesha. Nguo na zawadi hapo bei yake ni ya watalii. Mimi ningewapitisha dakika kumi tu, kisha niwapeleke soko la Bashi, nyuma kidogo, ambako wenyeji wananunua samaki. Vichochoro vyembamba, beseni za plastiki, maji chini. Kina mama wamekaa kwenye vigoda wakichokonoa chaza kwa kisu kifupi, ganda linaanguka huku, nyama inaanguka kule, na mdomo unapiga soga bila kukoma. Vaeni viatu visivyoteleza.

Tegeni sikio hapo. Wazee wa Xiamen hawasemi Kichina cha Beijing wao kwa wao, wanasema Kiminnan. Sabuni kwao ni “sapbun”, neno lililowafikia kupitia Umalay. Na chai wanaita “te”. Waholanzi waliichukua chai kwenye bandari za huku pamoja na jina hilo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya Ulaya magharibi inasema te au ti. Sisi tulipata neno la “cha”, lililokwenda kwa njia nyingine kupitia Uajemi na India. Ukinunua chai, nunua ya Tieguanyin kutoka wilaya ya Anxi, milimani juu ya hapa. Muuzaji wa kweli atakukalisha, akuoneshe majani yaliyojiviringa kama punje, amwage maji ya kwanza, akupe ya pili kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Asiyekuonjesha usinunue kwake.

Fedha ni kama lipa namba yetu, ila kila mahali, hadi kwa muuza machungwa. Kabla hamjaondoka Tanga, kijana awawekee Alipay kwenye simu, aiunganishe na kadi ya Visa au Mastercard, na aithibitishe kwa pasi. Malipo yaliyo chini ya yuani 200 hayana makato, yakizidi hapo kuna asilimia 3. Ndani ya Alipay hiyohiyo kuna Didi ya kuitia teksi. Noti pia zinapokelewa, lakini wekeni ndogondogo, za 10 na 20, chenji ni shida. WhatsApp na Google havifanyi kazi kwenye mtandao wa China. Vinafanya kazi ukitumia laini ya nje, kwa hiyo mnunue Singapore laini ya simu inayofanya kazi China. Na hata kama mna kila kitu kwenye simu, karatasi moja iwe mfukoni: jina la kituo cha meli kwa maandishi ya Kichina, 厦门国际邮轮中心. Mkipotezana, kila mmoja amwoneshe dereva wa teksi karatasi yake, atafika.

Ondokeni sokoni saa 10 kamili. Teksi kwa kawaida ni dakika kumi na tano, lakini jioni foleni ipo. Mkifika mapema msiharakishe kuingia kabini. Pandeni tena sitaha ya juu, mkiwa na koti jepesi. Mwezi wa 11 upepo wa hapo unatoka kaskazini mashariki, nao ni ndugu wa kaskazi yetu. Kwa pepo za namna hiyo, miaka ya 1400, merikebu za Zheng He, jemadari wa bahari wa China, zilizokuwa zikingoja msimu wake kwenye mwambao huuhuu wa Fujian zilitweka kuelekea bahari ya Hindi, na baadhi yake zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Mtausikia upande wa kushoto wa uso wakati meli inageuka kuelekea nje, na Gulangyu, safari hii, itakuwa kushoto kwenu, taa zake zikiwa zimeshawaka.